Mgonjwa Wetu Amepona

Ikiwa unasoma haya ukiwa umelala ubavu mmoja kwa sababu ubavu wa pili umekukatalia, usigeuke kwa haraka. Weka mto katikati ya magoti, yabane pamoja, kisha geuza mwili wote kwa mpigo, kama gogo linavyoviringishwa. Hakuna aliyenifunza hivyo mwanzoni. Nilijifunza nikiwa nimechelewa, ndiyo maana nimeanza na hilo kabla hata ya kukuambia jina langu.

Naitwa Wangeci. Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo katika shule ya msingi kwenye miinuko ya chai juu ya Othaya. Mume wangu, Githinji, ni msimamizi katika shamba la maua huko Timau. Huondoka Jumapili jioni na kurudi Ijumaa. Nyumba yetu iko katika boma la mama yake, na kati ya mlango wetu na wake kuna ua mdogo na kamba ya kuanikia nguo. Mtoto wetu wa kwanza ni msichana, na kwa desturi yetu alipewa jina la mama huyo, Nyaguthii. Githinji akawa anamwita binti yake "mama", na mama mkwe wangu sote tukaanza kumwita Shosho, yaani nyanya.

Maumivu yalianza kabla mtoto hajazaliwa. Nilikuwa naandika ubaoni, mimba ikiwa kubwa, nikainua kisigino ili nifike juu. Kitu kikanichoma hapa mbele, kwenye mfupa wa kinena, kana kwamba mtu amepachika kabari na kuigonga kwa nyundo. Kliniki waliniambia ni mtoto anashuka. Nikaamini. Wanawake wote niliowajua walikuwa wameshukiwa na watoto, na wote walikuwa wanatembea.

Nilijifungua mwanzoni mwa mvua za masika. Uchungu ulikuwa mrefu, na kichwa kilipokuwa kikitoka nilisikia kitu kikilia ndani yangu, mlio mkavu, kama kuni inapopasuliwa. Sikumwambia mtu. Mtoto alikuwa analia, na kilio chake kilifunika ule mlio mwingine. Asubuhi muuguzi akapita akiwaamsha akina mama wakaoge.

"Simama, mama. Hapa si hoteli."

Nilijaribu kuushusha mguu wa kulia kutoka kitandani. Mguu haukwenda. Haukuwa umekufa ganzi. Niliuhisi wote, mpaka kwenye kucha. Ulikataa tu, kama punda. Ikabidi niushike kwa mikono miwili chini ya goti na kuushusha, kama mzigo wa mtu mwingine. Nilipousimamia, maumivu yalipanda kutoka kinenani, yakazunguka kiunoni, yakarudi tena mbele. Nilishika kitanda cha jirani ili nisianguke.

Nikiwa msichana nilikuwa mkimbiaji. Niliiwakilisha shule yetu mbio za nyika, na nilizoea kupanda vilima vyetu nikiwa nimebeba maji bila kupumzika. Mwili huu niliuamini kuliko nilivyomwamini mtu yeyote. Usaliti wa kwanza, basi, ulitoka humo ndani. Huo niliusamehe mapema, kwa sababu mwili haukujua unachofanya.

Wiki za kwanza nyumbani zilikuwa nzuri, na sitaki kuzisingizia kwa sababu ya yaliyofuata. Shosho alinipikia uji wa wimbi na njahi, yale maharagwe meusi ya mzazi, alimwogesha mtoto, alifua nepi. Hakuna aliyeshangaa kuniona kitandani, kwa maana kitanda ni haki ya mzazi. Kisha wanawake wa kijiji wakaja kwa itega, siku ile ya kumletea mzazi kuni, maji na chakula huku wakiimba. Walipofika uani nilitaka kutoka niwalaki. Nilitembea kutoka chumbani mpaka sebuleni nikiyumba kama bata, mkono ukutani. Wimbo ulififia. Mmoja akacheka, wengine wakafuata.

"Haiya! Kwani ulizaa mtoto ama ulizaa ndama?"

"Hiyo ni kutembea ya kutafuta huruma," Shosho akasema, naye akicheka. "Wacha akunywe uji."

Nilicheka pamoja nao, kwa sauti kubwa kuwashinda, kwa sababu sikujua la kufanya na uso wangu.

Wasiougua ugonjwa huu hufikiri maumivu yake ni ya kubeba mizigo na kupanda milima. Sivyo. Yako kwenye vitu ambavyo hujawahi kuvifikiria. Kuvaa chupi. Huwezi kusimama kwa mguu mmoja, kwa hivyo unakaa kitandani na kuitega chini kama mtego, unaingiza miguu yote miwili, unaivuta juu. Kuvuka kizingiti. Kupiga chafya. Kusukuma mlango kwa mguu ukiwa umebeba mtoto. Choo chetu kiko chini ya mteremko, na wakati wa mvua ule udongo mwekundu huteleza kama sabuni. Mguu mmoja ukiserereka kando, miguu ikafunguka hata kidogo, nilikuwa naona giza. Nikaacha kunywa maji mchana ili nisishuke huko mara nyingi. Maziwa yakapungua, na mtoto akawa analia kwa njaa. Nikaanza tena kunywa, na kushuka nikilia.

Kumbeba mtoto mgongoni sikuweza kabisa. Shosho alimfunga kwa leso mgongoni pake, akaenda naye shambani, na mimi nikabaki nikiangalia kichwa kidogo kikizama katikati ya mistari ya michai.

Masika yalipokaribia kuisha mimi na Shosho tulienda kwenye zahanati moja ya kibinafsi mjini Nyeri. Tulingoja kwenye korido yenye mabenchi ya mbao. Kuketi kulikuwa na uchungu, kusimama kulikuwa na uchungu, na kutoka kwenye kuketi kwenda kwenye kusimama ndiko kulikokuwa kubaya zaidi, kwa hivyo kila jina lilipoitwa niliomba lisiwe langu. Watu walipita wakinitazama nilivyoegemea ukuta, wakanipisha kwenye foleni. Huo ulikuwa wema, na bado naukumbuka. Nilipigwa picha ya mifupa. Daktari, kijana mwenye haraka, aliiinua kwenye mwanga.

"Mfupa haujavunjika. Hakuna kitu. Mama, tembea tembea, usilale sana."

Akaniandikia dawa za maumivu. Shosho alikuwa mlangoni na mtoto mikononi. Katika yote yaliyosemwa mle ndani, alibeba maneno mawili tu akarudi nayo nyumbani: hakuna kitu.

Jioni hiyo hiyo majirani walikuwa wameshayapata.

Kisha gathano ikaingia, ule msimu wa baridi wa katikati ya mwaka ambapo ukungu hushuka kutoka msituni na jua husahaulika. Baridi ilikaza kila kitu kiunoni. Shosho alikuwa ameacha kuniletea uji. Siku moja alisimama mlangoni kwangu na kikapu cha majani chai mgongoni, sweta limelowa umande.

"Daktari alisema hakuna kitu," alisema. "Mimi nilizaa watoto sita. Huyu Githinji nilimzaa, na kabla kitovu yake haijaanguka nilikuwa nimerudi kuchuna chai. Sasa wewe unangoja nini?"

"Niko na uchungu, Shosho."

"Hata mimi niko na uchungu. Kila mtu ako na uchungu. Si lazima kila mtu alale."

Nitakuwa mkweli juu yake: alikuwa amechoka. Alikuwa mwanamke mwenye umri wake, na mjukuu mgongoni, na chai isiyongoja mtu. Laiti angenidai msaada ningemwelewa. Alinidai nikiri kwamba ninadanganya.

Githinji alikuwa upande wangu. Nataka ulijue hilo, la sivyo hutaelewa kwa nini niliumia namna ile. Kila Ijumaa aliingia na harufu ya maua na dawa za maua kwenye nguo, akanichemshia maji, akanikanda kiuno kwa taulo moto. Alinishika mkono kushuka chooni na akasimama nje akiimba ili mtu asije. Nilipomwambia maneno ya mama yake, alisema, "Achana na mama. Mimi nakuona." Maneno hayo mawili, mimi nakuona, yalikuwa yakinitosha kutoka Jumapili hadi Ijumaa.

Lakini alikuwa akipita kwa mama yake kwanza kabla ya kuingia kwetu. Ijumaa moja alikaa huko mpaka chakula kikapoa. Wiki iliyofuata hakuuliza kuhusu kiuno. Siku nyingine nilipomwomba anishike mkono, alinitazama kidogo kabla ya kunyanyuka, mtazamo mfupi tu, kama mtu anayekagua noti. Nilijiambia ni uchovu wa kazi.

Jumamosi moja mwezi wa nane, jua lilitoka. Asubuhi niliamka nikageuka kitandani, na hakuna kilichonichoma. Nilingoja kidogo. Nikakaa. Nikasimama. Ulikuwa ni uchungu mdogo tu, wa mbali, kama redio ya jirani. Nilimchukua Nyaguthii mikononi, nikatoka uani, nikatembea mpaka kwenye kamba ya nguo. Shati la baba yake lilipeperuka likampiga usoni, na mtoto akacheka. Hakuwa amewahi kucheka kwa sauti. Nikageuka upande huu na ule ili shati limguse tena, naye akacheka tena, nami nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Niliwaza: Githinji yuko ndani, laiti angetuona.

Alikuwa anatuona. Alikuwa amesimama kwenye dirisha la jikoni, simu mkononi.

Mchana kiuno kilianza kukaza. Kufikia jioni sikuweza kuinuka kitandani. Githinji aliniletea beseni nikajisaidia humo, akaenda kulimwaga. Kisha akaniletea chai, akaketi ukingoni mwa kitanda. Simu yake ilikuwa ikitetemeka mfukoni, ikinyamaza, ikitetemeka tena.

"Nani anakutafuta hivyo?" nilimwuliza.

"Ni watu tu wa familia. Kunywa chai."

Nikanywa.

Siku chache baadaye, yeye akiwa Timau, dada yake Wambui alikuja kutoka Karatina, ambako anauza nguo za mitumba sokoni. Sisi hatukuwa marafiki sana. Aliingia chumbani, akafunga mlango, akakaa karibu yangu na kuishikilia simu kama mtu aliyebeba kitu kitakachomwagika.

"Wangeci, hii kitu imenikosesha amani. Afadhali uione na mimi kuliko uisikie kwa watu."

Ilikuwa video. Ilionyesha ua wetu, jua, kamba ya nguo. Mimi nikitembea. Mimi nikigeuka huku na huku na mtoto, nikicheka. Ilikuwa imetumwa kwenye kikundi cha familia yao, ndugu, shangazi, binamu mpaka wale wa mbali kule Kenol, na chini yake mume wangu alikuwa ameandika: Mgonjwa wetu amepona.

Waliofuata walikuwa wakicheka. Mmoja aliandika kwamba ugonjwa huo unatibiwa na jua la Jumamosi. Mwingine aliuliza kama mgonjwa anaweza kuja kwake kumsaidia kupalilia viazi. Shosho hajui kuandika vizuri kwenye simu. Alikuwa ametuma sauti. Wambui hakutaka kuicheza. Nikamwambia aicheze.

"Niliwaambia," Shosho alisema humo ndani. "Si niliwaambia?"

Nimewahi kuulizwa, wakati ule maumivu yalikuwa kiasi gani. Ule uchungu wa mfupa najua kuueleza. Huu mwingine sijui. Ile ndiyo ilikuwa asubuhi yangu ya pekee tangu nijifungue. Nilikuwa nimeihifadhi moyoni, nikiirudia usiku nikishindwa kulala. Wao walikuwa wameitazama kabla yangu, na wameifanya ushahidi.

Nilimpigia Githinji.

"Ni mzaha tu," alisema. "Nilitaka waone umeanza kupata nafuu."

"Ulinipiga picha bila kuniambia."

"Wangeci, ni video ya nyumbani."

"Na jioni ukanimwagia beseni. Hiyo mbona hukuituma?"

Nilisikia mashine za shamba zikivuma nyuma yake.

"Mama ndiye alisema," akasema mwishowe. "Alisema wiki yote ukiwa peke yako unatembea vizuri, na mimi nikija unaanza kuchechemea. Alisema nikuangalie usipojua. Nilitaka tu kujua ukweli."

"Ukaujua?"

Nikakata simu.

Niliondoka siku iliyofuata. Wambui alimwomba jirani mwenye gari anipeleke kwa mama yangu, Naro Moru. Kabla sijaingia alitandaza mfuko wa nailoni kwenye kiti. Ukikalia nailoni, unaweza kugeuka na magoti yakiwa pamoja, bila kufungua miguu. Alikuwa amebuni hilo papo hapo, kwa kunitazama tu. Shosho alisimama mlangoni kwake, mikono kiunoni. Hakunizuia. Nilimwona akimtafuta mtoto kwa macho hadi gari likapinda.

Nilidhani kwa mama nitapokelewa kwa machozi. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akapeleka macho kwenye dirisha, ambako mlima ulikuwa umejifunika mawingu.

"Kila bibi wa mtu amechekwa," alisema. "Ndoa si nguo ya mitumba, ati ukiona tundu unarudisha. Kaa upumzike kidogo, halafu urudi."

Kwa hivyo hata huko nilikuwa mgeni wa muda. Lakini asubuhi mama alikuja na karai la maji moto, akapiga magoti sakafuni na kuniosha miguu, kwa kuwa aliona siwezi kuifikia. Aliosha kimya, kidole kimoja kimoja. Wema na usaliti mara nyingine hukaa katika mikono ileile, na mgonjwa hana nguvu za kuvitenganisha. Unachukua maji moto.

Msaada ulitoka mahali ambapo sikuutafuta. Nilimpeleka Nyaguthii kupimwa uzito na kupata chanjo, na muuguzi aliyekuwa kwenye mizani, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, alinitazama nikirudi kwenye benchi.

"Mama, ni nani amekuona wewe?"

"Nimekuja kwa ajili ya mtoto."

"Mtoto ako sawa. Naongea juu ya hiyo kutembea."

Alinituma kwa mtaalamu wa viungo mjini Nyeri, mwanamke wa Meru aitwaye Kendi. Chumba chake cha kungojea kilikuwa na viti vya plastiki na watu wa kila aina ya plasta na magongo. Kwenye kona alikuwepo mwanamke mwenye mtoto mchanga, amekalia koti alilolikunja. Jina lake lilipoitwa alibana magoti, akasogea ukingoni mwa kiti, akajiinua kwa mikono. Nilijiona mimi. Naye alinitazama nilivyokaa, akaelewa. Tulicheka sisi wawili, kicheko kidogo tu, na hicho hakikuniumiza.

Kendi hakuanza na picha. Aliniambia nisimame kwa mguu mmoja. Nikashindwa. Aliniambia nilale chali niinue mguu ulionyooka. Nikashindwa. Kisha akaiweka mikono yake miwili kando ya nyonga zangu, akazibana kwa nguvu, akasema, "Inua sasa." Mguu ukainuka.

Nilianza kulia. Alidhani ameniumiza.

"Hapana," nilimwambia. "Ni kwamba wewe umeniamini."

"Sijakuamini," Kendi alisema, akinipa kitambaa. "Nimeona. Hii iko na jina, na iko na dawa. Ni maumivu ya nyonga ya uzazi. Viungo vililegea na havijarudi kushikana vizuri. Picha haiwezi kuonyesha kila kitu. Itachukua muda, na utarudi nyuma mara nyingi, lakini utatembea."

Alinifunga mkanda mpana wa kubana nyonga. Akanifunza kuvaa nikiwa nimekaa, kupanda ngazi moja moja kwa mguu wenye nguvu kwanza, kutembea hatua fupi. Mazoezi yalikuwa madogo kiasi cha kuaibisha: kubana mto kati ya magoti, kuvuta tumbo ndani, kuinua nyonga kidogo kutoka sakafuni. Mama alikuwa akinitazama nikibana mto na kutikisa kichwa. Lakini alianza kunikumbusha. "Umebana mto leo?" Yale maneno ya kurudi kwangu hakuyasema tena.

Mvua za vuli zilipoanza, niliweza kugeuka kitandani bila kushika ubao wa kitanda. Kisha nikateleza kwenye veranda na kurudi nyuma kabisa, nikalala juma zima nikiamini kila kitu kimeharibika. Ikiwa uko hapo sasa, nakuambia: hakuna kilichokuwa kimeharibika. Nilirudi kwenye mto.

Githinji alikuja Naro Moru vuli ikiwa imekolea, peke yake, na gunia la viazi begani. Mama alimpokea, akampa chai, akatuacha.

"Nimefuta ile video," alisema.

"Waliiona kwa macho yao. Utawafuta macho?"

Aliinamisha kichwa. Alikuwa amekonda. Mtoto alimtazama kama mgeni, akajificha shingoni kwangu, na hapo nikaona uso wake ukivunjika.

"Unataka nifanye nini, Wangeci?"

"Njoo kwa Kendi. Uingie ndani. Usisimame kwenye dirisha."

Alikuja. Kendi alimwambia anishike nyonga pale pale anapozishika yeye, kisha akaniambia nigeuke. Githinji alisikia ule mlio chini ya kiganja chake, kle, kama kidole kinapolia kikivutwa. Akauondoa mkono upesi, kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Hiyo ni nini?" aliuliza.

"Hiyo ndiyo ile kitu mlisema haiko," Kendi alisema. "Rudisha mkono. Yeye anabeba hiyo siku yote, wewe jaribu kidogo tu."

Aliurudisha. Akauacha hapo mpaka Kendi alipomaliza.

Nilirudi Othaya baada ya Krismasi, kwa sharti moja, kwamba aliyonisema mbele ya watu ayakanushe mbele ya watu, kwa mdomo. Jumapili moja, ndugu zake wakiwa wamekuja kula, Githinji alisimama.

"Ile video niliwatumia," alisema, "nilikosea. Wangeci hakuwa anadanganya. Nimesikia hiyo kitu na mkono yangu. Mimi ndiye nilidanganya, nikiandika amepona."

Hakuna aliyecheka. Binamu mmoja alikohoa. Wambui alinitazama akaangalia chini. Shosho alikuwa akimimina chai, na hakuacha kumimina.

"Kunyweni kabla haijapoa," alisema.

Hakuniomba msamaha siku hiyo, na hajaniomba mpaka leo. Lakini wiki iliyofuata nilikuta kwenye bafu ya nje stuli mpya ya mbao, ya urefu niliouhitaji hasa, na kigingi kimepigiliwa ukutani cha kujishikilia. Sikumwona akiviweka. Naikalia kila siku.

Shule ilipofunguliwa mwezi wa kwanza, mwalimu mkuu alinipa kiti chenye mgongo na darasa lililo karibu na lango. Nilifundisha nikiwa nimekaa muhula mzima. Sasa nasimama. Naandika juu ubaoni, nikiinua visigino vyote viwili. Sikimbii, na sijui kama nitakimbia. Siku za baridi kiuno hunikumbusha, nami huvaa mkanda bila kumweleza mtu.

Ukiwa na maumivu haya, mtafute atakayekushika nyonga badala ya kukushika maneno. Na ukipata asubuhi moja nzuri, itumie. Usilale ili ulingane na ugonjwa ambao watu wanautarajia kwako. Mgonjwa ana haki ya kucheka uani.

Watu huniuliza kama nimemsamehe Githinji. Tunaishi pamoja. Aliomba kazi iliyo karibu na akaipata kwenye kiwanda cha chai, kwa hivyo hulala nyumbani kila siku. Ni baba mwema. Huniamini kwa bidii sana siku hizi, hadi wakati mwingine nikisema kichwa kinaniuma anataka kunibeba.

Juzi, tukiwa tumekaa nje, mtoto akikimbiza kuku, aliniuliza jambo ambalo nilijua litakuja.

"Wangeci, huyu anakua. Mama yangu ameshapata wake. Mama yako bado hajaitwa."

Kwa desturi yetu, msichana wa pili angepewa jina la mama yangu, yule aliyepiga magoti akaniosha vidole. Kendi amesema inawezekana. Maumivu yanaweza kurudi, lakini safari hii tungeanza matibabu mapema. Mwili wangu niliufikiria, na kusema kweli sikuuogopa.

"Ikirudi," nikamwambia, "nikashindwa kusimama tena?"

"Nitakuamini. Haki ya Mungu, Wangeci. Mimi nakuamini."

Nilimtazama. Najua alisema kweli.

"Najua unaniamini," nikamwambia. "Mimi kukuamini wewe, bado."